Kupiga Picha Mchoro wa Rangi kwa Simu na Kuuandaa kwa Ajili ya Kuchapwa: Mwongozo Kamili kwa Wachoraji wa Bagamoyo

Wachoraji wengi wa Bagamoyo wanaotaka kuuza kazi zao kama kadi na picha za ukutani hurudishwa na wachapaji kwa sababu zilezile: kuna doa jeupe la mwanga katikati ya picha, pande za mchoro zimepinda, bluu imegeuka kijivu, au faili ni dogo mno. Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo moja tu, kuanzia mchoro uliokwisha kukauka hadi faili ambalo mchapaji atalipokea bila kulirudisha. Humu ndani neno "mchoro" ni kazi yenyewe ya rangi, na "picha" ni ile inayotoka kwenye simu.

Karibu makosa yote hayo hutokea kabla ya kitufe cha kamera kubonyezwa. Rangi za mafuta zinazotumika katika michoro ya Tingatinga hung'aa zikikauka, na uso unaong'aa hurudisha mwanga kama kioo. Mng'ao ukishafunika safu ya nukta kwenye shingo ya ndege, nukta hizo hazimo tena ndani ya picha, na hakuna programu itakayozirudisha. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu mwanga, na ninamsihi msomaji asiirukie sehemu ya programu kabla ya kuimaliza ile ya kwanza.

Ikiwa mchoro si wako, pata kwanza idhini ya maandishi ya aliyeuchora. Michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuwa na mchoro ukutani si sawa na kuwa na haki ya kuunakili.

## Vifaa vinavyohitajika

- Simu yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi. Picha ya megapikseli 12 huwa na pikseli (vitone vidogo vinavyounda picha) 4000 kwa 3000, na kiasi hicho kinatosha kwa kadi na hata kwa karatasi ya A4.
- Stendi ya miguu mitatu yenye kishikio cha simu. Mkono wa mtu hautoshi, hata awe mtulivu kiasi gani.
- Vipande viwili vya kaniki vilivyoshikizwa pamoja, au kitambaa kingine cheusi kisichong'aa.
- Shuka jeupe lisilo na maua.
- Karatasi mbili nyeupe za A4 zisizong'aa.
- Kioo kidogo bapa cha kujitazamia.
- Pima maji ya fundi, au uzi uliofungwa jiwe.
- Futi ya kupimia, vibanio vya nguo na kitambaa laini cha pamba.
- Programu ya Snapseed kwenye simu, au GIMP kwenye kompyuta. Zote mbili hupatikana bure.

Usinunue taa. Mwanga wa pwani yetu ni mwingi na mzuri, na taa moja ya bei nafuu huongeza mng'ao kuliko inavyoondoa giza.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na saa

Mahali panapofaa ni penye kivuli kilicho wazi, yaani pasipopigwa na jua lakini panapopokea mwanga wa anga kwa wingi. Baraza za nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zinazoelekea baharini zinafaa sana, ila si kwa saa zote. Bahari iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huingia barazani moja kwa moja. Kuanzia saa nane mchana jua huwa limehamia nyuma ya nyumba, na baraza yote hupata mwanga mpole unaotoka kwenye anga la upande wa bahari. Piga kati ya saa nane na saa kumi, kwa sababu baada ya hapo mwanga hupungua na kubadilika rangi upesi, na picha ya kwanza haitafanana na ya mwisho. Mwenye baraza inayoelekea magharibi ageuze saa hizo na apige asubuhi.

Angalia pia majirani wa mchoro. Mwembe ulio karibu humwaga ukijani, turubai la bluu humwaga ubluu, na uwanja wa udongo mwekundu humwaga wekundu kutoka chini. Jicho huyazoea mambo hayo na kuyapuuza, lakini kamera huyaandika yote. Siku ya mawingu mepesi ni neema, nayo siku ya upepo mkali wa kusi ni ya kuahirisha, kwani mchoro unaotikisika hutoa picha yenye ukungu.

Utajua umefaulu ukinyoosha mkono mbele ya karatasi nyeupe, umbali wa shubiri moja hivi, na kivuli chake kikatokea laini kiasi kwamba vidole havihesabiki. Vidole vikionekana dhahiri, mwanga bado ni mkali.

## Hatua ya 2: Simamisha mchoro, ubavu wake uelekee baharini

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuuelekeza mchoro baharini kwa kudhani kwamba utapata mwanga zaidi. Utaupata kweli, lakini pia utapata taswira ya anga lote juu ya rangi, na nyeusi zote zitageuka kijivu. Usimamishe mchoro kwenye ukuta mfupi ulio mwisho wa baraza, ili bahari iwe kulia au kushoto kwake na si mbele yake. Mwanga utapita juu ya uso wa mchoro kutoka ubavuni, na taswira yake itaelekea upande wa pili, mbali na kamera.

Mchoro usimame wima kabisa. Uweke juu ya meza au kiti imara, uukaze kwa nyuma usiteleze, kisha uupime kwa pima maji pande mbili, mbele na ubavuni. Ukiuegemeza kidogo tu, upande wa juu utakuwa mbali na kamera kuliko wa chini, na mraba utatoka ukiwa umebanwa juu. Futa vumbi kwa kitambaa cha pamba kikavu, bila maji wala mafuta.

Upande usioelekea bahari utakuwa na giza kidogo. Tundika shuka jeupe upande huo, hatua moja kutoka ubavuni mwa mchoro, ili lirudishe mwanga. Kisha shikilia karatasi moja kwenye ukingo wa kushoto wa mchoro na nyingine kwenye ukingo wa kulia, uzitazame kupitia skrini ya simu. Zikilingana kwa weupe, mwanga umesambaa sawasawa. Zisipolingana, sogeza shuka karibu zaidi au uusogeze mchoro ndani zaidi ya baraza.

## Hatua ya 3: Weka simu sambamba na mchoro

Safisha lenzi kwanza. Hewa ya bahari huacha utando wa chumvi juu ya kioo cha kamera, na utando huo hutandaza weupe juu ya picha nzima hata siku ambayo kila kitu kingine kimekwenda vizuri.

Funga simu kwenye stendi, lenzi ikiwa katika kimo kilekile cha kitovu cha mchoro. Kwa mchoro wa sentimita 60 kwa 60, weka simu umbali wa sentimita 70 hivi ukitumia lenzi ya kawaida, au mita moja na nusu hivi ukitumia lenzi ya kuvuta mara mbili. Ukisogea karibu mno, lenzi pana ya simu huvimbisha kingo zinyookazo zikawa kama pipa. Simu yenye lenzi ya pili ya kuvuta mbali inafaa zaidi, kwani unaweza kurudi nyuma na bado mchoro ukajaza skrini. Kuvuta picha kwa vidole viwili kwenye simu isiyo na lenzi hiyo ni kupoteza pikseli bure.

Sasa chukua kile kioo kidogo, umwambie mwenzako akishikilie bapa juu ya kitovu cha mchoro bila kuikwaruza rangi. Tazama skrini. Ukiiona taswira ya lenzi ya simu yako katikati ya kioo, na kioo kiko katikati ya skrini, simu na mchoro viko sambamba. Lenzi ikionekana pembeni au isipoonekana kabisa, sogeza stendi kidogo kidogo, kulia au kushoto, juu au chini, hadi ifike katikati. Kazi hii huchukua dakika chache, nayo inakuokoa na kunyoosha picha kwa nguvu baadaye, jambo ambalo hupunguza ukali wa mistari.

Acha nafasi ya vidole viwili kuuzunguka mchoro ndani ya skrini, na upande mmoja uache nafasi ya karatasi nyeupe.

## Hatua ya 4: Ondoa mng'ao kwa kaniki

Hata mwanga ukitoka ubavuni, mchoro unaong'aa bado unaona kitu kimoja: wewe na vyote vilivyo nyuma yako. Shati jeupe, ukuta uliopakwa chokaa, mlango uliofunguliwa, vyote huingia ndani ya rangi. Dawa yake ni kuupa mchoro weusi wa kutazama.

Tundika kaniki usawa wa simu, mbele ya stendi, na utoboe tundu la upana wa vidole viwili ili lenzi ichungulie. Wewe usimame nyuma ya kaniki. Upana na kimo cha kaniki viwe angalau mara mbili ya vile vya mchoro, kwa sababu mwanga unaoufikia mchoro na kurudi kwenye lenzi hutoka kwenye eneo la ukubwa huo hasa. Mchoro wa sentimita 60 unahitaji kaniki ya sentimita 120 kila upande, na ukiongeza kidogo hutajuta. Kipande kimoja hakifiki, ndiyo maana nimeshauri viwili.

Hakikisha shuka jeupe la ubavuni halijasogea hadi mbele ya kaniki. Likiingia katika eneo hilo, litaonekana juu ya rangi kama pazia.

Kipimo cha kufaulu ni sehemu nyeusi za mchoro. Kuza taswira kwenye skrini hadi kwenye mstari mweusi mnene, tuseme ukingo wa bawa la kanga au kwato la twiga. Weusi ukiwa mzito na nukta nyeupe juu yake zina mipaka safi, mng'ao umekwisha. Weusi ukifanana na majivu, kuna kitu cheupe kinachoonekana bado, nawe kitafute kwa kumwomba mwenzako azungushe kitambaa cheusi pole pole pande zote hadi weusi urudi mahali pake. Pale kitambaa kilipokuwa ndipo chanzo kilipo.

Rangi iliyopakwa kwa unene huacha vimetameta vidogo kwenye matuta yake. Vichache si kosa, kwani ndivyo mchoro ulivyo. Vikizidi, usogeze mchoro ndani zaidi ya baraza ili mwanga ulainike.

## Hatua ya 5: Panga kamera

1. Chagua ukubwa wa juu kabisa wa picha na umbo la 4 kwa 3. Umbo refu la skrini nzima hukata tu pikseli za juu na chini.
2. Zima flashi. Flashi moja inatosha kuharibu yote uliyoyafanya.
3. Zima urembeshaji, vichujio na utambuzi wa mandhari unaobadilisha rangi wenyewe. Simu ikidhani imeona chakula au machweo, itakoleza rangi ambazo mchoraji hakuzikoleza.
4. Weka saa ya kuchelewesha ya sekunde 3 au zaidi, ili mtikiso wa kidole uishe kabla ya picha kupigwa.
5. Gusa katikati ya mchoro kwenye skrini na ushikilie hadi kamera ifunge umakini na mwanga wake, kisha punguza mwanga kidogo sana. Weupe uliozidi hupoteza alama za brashi moja kwa moja, ilhali giza kidogo hurekebishika.

## Hatua ya 6: Piga na ukague papo hapo

Simamisha karatasi nyeupe kando ya mchoro, ikitazama upande uleule. Piga picha kadhaa bila kugusa stendi, kwa kiwango tofauti kidogo cha mwanga.

Usifungashe vifaa kabla ya kukagua. Fungua picha, uikuze, utembelee pembe zote nne na katikati. Sahihi ya mchoraji isomeke, kingo zinyooke, na pembe zisiwe na ukungu. Nakili mafaili mahali pengine kabla ya kuyagusa, na nakala hizo za asili zisiguswe kamwe. Kila mara faili la JPEG (aina ya kawaida ya faili la picha) linapohaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza ubora kidogo, na upotevu huo haurudi.

## Hatua ya 7: Sahihisha rangi kabla ya kukata

Mwanga wa kivulini hutoka angani, kwa hiyo una ubluu. Fungua picha kwenye Snapseed, ingia kwenye kifaa cha kusawazisha weupe, uchague alama ya kitone cha kunyonyea rangi, kisha uiweke juu ya karatasi nyeupe. Programu itaifanya karatasi iwe nyeupe na kuvuta rangi nyingine zote pamoja nayo. Ndiyo sababu hatua hii hutangulia kukata: ukishaikata karatasi, huna tena pa kupimia.

Baada ya hapo peleka mchoro na simu kivulini palepale na uvilinganishe kwa macho, mwanga wa skrini ukiwa wa kati. Ongeza au punguza mwanga wa picha kidogo. Kitelezi cha kukoleza rangi kiache kilipo. Michoro yetu tayari ina rangi zenye nguvu, na ukizikoleza, nyekundu hufunga na kuwa bapa moja lisilo na alama ya brashi.

## Hatua ya 8: Nyoosha na ukate

Tumia kifaa cha kurekebisha mtazamo kunyoosha pembe zilizobaki, kisha kata hadi ukingo wa rangi. Kama ulifuata hatua ya kioo, marekebisho yatakuwa madogo sana. Yakiwa makubwa, rudi ukapige upya, kwani kuvuta pembe kwa nguvu hulegeza mistari.

Vumbi unaweza kuliondoa kwa kifaa cha kuponya madoa. Usiondoe mkwaruzo uliomo kwenye mchoro wenyewe bila kumwuliza mchoraji. Usitumie pia programu zinazokuza picha kwa akili mnemba: huongeza nukta na mistari ya kubuni, na katika mtindo unaosimama juu ya nukta, huo ni uharibifu.

## Hatua ya 9: Hesabu ukubwa wa faili

Kipimo kinachokubalika kwa kadi ni nukta, yaani pikseli, 300 kwa kila inchi. Chukua urefu wa karatasi kwa milimita, gawanya kwa 25.4 (milimita za inchi moja), kisha zidisha kwa 300.

- Kadi ya A6, milimita 105 kwa 148: pikseli 1240 kwa 1748.
- A6 yenye nyongeza ya milimita 3 kila upande: pikseli 1311 kwa 1819.
- A4, milimita 210 kwa 297: pikseli 2480 kwa 3508.

Nyongeza hiyo ni kwa ajili ya kisu cha mchapaji, ambacho hakikati mahali palepale kila mara. Bila nyongeza, kadi nyingine zitatoka na mstari mweupe pembeni.

Mchoro wa mraba uliopigwa kwa simu ya megapikseli 12 hubaki na pikseli 2600 hivi kila upande baada ya kukatwa, yaani sentimita 22 za chapa safi. Hauwezi kufikia A3 kwa ubora huo, na mteja aelezwe mapema. Mraba pia haujazi kadi ya mstatili. Kwa maoni yangu ni bora kuacha ukingo mweupe juu na chini kuliko kukata mkia wa chui au sahihi ya mchoraji ili tu kadi ijae.

Unapohifadhi, ingia kwenye mipangilio ya programu uizuie kupunguza ukubwa, na uchague ubora wa juu kabisa. Jina la faili liwe na jina la mchoro na vipimo vyake.

## Hatua ya 10: Tuma na udai sampuli

Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huibana na pikseli nyingi hutoweka njiani. Ambatisha faili kama hati, litume kwa barua pepe, au lipeleke kwa flashi ya kuhifadhia mafaili (USB). Kisha mwulize mchapaji faili alilolipokea lina pikseli ngapi. Namba zikilingana na zako, limefika salama.

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, waridi kali, njano na nyeusi. Baadhi ya bluu na machungwa ya rangi za mafuta hayafikiwi na wino hizo kwa namna yoyote, na hilo si kosa la picha yako wala la mchapaji. Omba sampuli moja kwenye karatasi ileile itakayotumika, uitazame mchana nje ya duka, ikiwa kando ya mchoro wenyewe. Ikiwa picha yote ni nyeusi mno, ongeza mwanga kidogo kwenye faili na uombe sampuli ya pili. Ikiwa ni rangi moja tu iliyofifia, amueni pamoja na mchoraji kama inakubalika.

Ukiridhika, omba nakala nyingine ya sampuli hiyo, weka sahihi na tarehe nyuma ya zote mbili, mwachie mchapaji moja nawe ubaki na nyingine, kisha ndipo uagize idadi yote. Kwa kadi zinazokusudiwa kuuzwa wakati wa Tamasha la Sanaa na Utamaduni, fanya hivyo wiki kadhaa mapema, ili sampuli ya pili ikihitajika ipatikane bila haraka.